Mwanga mmoja, watu wawili: mwongozo kamili wa kupiga picha za kapo nyumbani bila flashi

Dirisha likiwa moja na watu wakiwa wawili, mmoja ataunguzwa na mwanga na mwenzake atabaki gizani. Hilo ndo tatizo kubwa la picha za kapo nyumbani, mengine yote yanarekebishika. Mtu mmoja ukimkalisha dirishani hata kwa simu ya kawaida anatoka vizuri, ila ukimuongezea mwenzake pembeni ghafla picha inaharibika na huelewi kwa nini, unaanza kulaumu simu, unawaza kwenda Kariakoo kununua taa, kumbe mwanga unao ila hujaugawa.

Mi napiga picha za majumbani hapa Dar. Wanaoniita wengi ni kapo ambazo hazitaki studio wala hazitaki kwenda ufukweni kuangaliwa na watu, wengine wamefunga ndoa juzi, wengine ni wazee ambao watoto wao wamechanga ili wapate picha moja ya maana ya kuweka ukutani. Vifaa vyangu vya msingi ni kamera (au simu, inatosha kabisa), shuka moja jeupe lisilo na maua, kigoda, vibanio vya nguo na kitambaa safi cha kufutia lenzi. Nitaeleza kuanzia unapoingia mlangoni hadi unapotuma picha.

Kwanza zunguka nyumba, kamera ikiwa bado kwenye begi

Ukifika salimia, kaa, kunywa maji uliyoletewa, halafu omba kuzunguka. Unatafuta dirisha lenye mwanga mwingi ambalo jua halipigi moja kwa moja ndani. Kuna ushauri unarudiwa sana na wapiga picha wa Ulaya kwamba dirisha bora ni la kaskazini kwa sababu jua haliingii huko, na kwao ni kweli, ila huku kwetu usiufuate hivo hivo. Dar iko kusini mwa ikweta kama nyuzi 7, kwa hiyo kuanzia mwezi wa 3 hadi mwanzoni mwa mwezi wa 10 jua la mchana linapita upande wa kaskazini, halafu kuanzia katikati ya mwezi wa 10 hadi mwisho wa mwezi wa 2 linapita kusini. Dirisha la kaskazini lililokuwa zuri Januari linaweza kuwa na mistari ya jua mwezi wa 6.

Cha uhakika mwaka mzima ni mashariki na magharibi. Dirisha la mashariki lipige mchana, kuanzia saa 7 hadi saa 10, jua likishahamia upande wa pili wa nyumba. La magharibi lipige asubuhi, saa 2 hadi saa 5. Mnapopanga miadi kwa simu waombe wakutumie video fupi ya sebule na wakwambie jua linachomoza upande gani wa nyumba, hapo unapanga saa kabla hujatoka kwako. Mara nyingi watu wanachagua saa 11 jioni kwa sababu wamesikia mwanga wa jioni ni mzuri, na kweli ni mzuri ukiwa nje, ila ndani ya nyumba ya kawaida ya mjini iliyobanwa na ukuta wa jirani saa 11 jioni tayari ni giza.

Masika usiahirishe. Wingu zito ni kama pazia kubwa jeupe limetandazwa juu ya mji mzima, nyuso zinatoka laini mno, utapandisha ISO tu, yaani namba ya kamera inayoifanya inase zaidi mwanga mdogo.

Safisha mwanga

Zima taa zote za chumba hicho na za korido. TV zima pia. Taa ya ndani ina rangi yake, mara njano mara bluu, na mwanga wa nje una yake, zikichanganyika usoni shavu moja linakuwa la chungwa na lingine la bluu na hakuna programu ya kuediti itakayokutoa hapo kirahisi. Watu wanasita kuzima taa wanahisi kutakuwa na giza, waambie wasubiri dakika mbili macho yazoee, wenyewe wataona.

Halafu dirisha. Pazia zito lote pembeni. Kama ni madirisha ya alumini yale ya kusukuma, sukuma na neti ya mbu iende upande mwingine, ile neti inakula mwanga mwingi hasa ikiwa na vumbi la miaka. Nondo za dirisha hazina shida kama jua halipigi moja kwa moja, ila likipiga utapata mistari ya jela kwenye nyuso za watu, hapo ndo unabana lile shuka jeupe au pazia jepesi jeupe dirishani na mwanga unalainika.

Na angalia kuta! Hili lilinigharimu. Nilipiga kapo moja kwenye sebule ya kijani iliyokolea, bi harusi amekaa kama nusu mita kutoka ukutani, kwenye kioo cha kamera niliona safi tu, nimefika nyumbani nafungua kwenye kompyuta, shavu lote la upande wa ukuta ni kijani. Nilikesha siku mbili nikirekebisha na bado haikukaa sawa, ikabidi nirudi kuomba tupige upya. Ukuta wenye rangi kali unarudisha rangi yake usoni kama vile kioo kinavyorudisha mwanga. Siku hizi nikikuta ukuta wa hivyo karibu na watu naufunika na shuka jeupe, au nawasogeza wakae mbali nao kama mita mbili.

Vitu vya nyuma punguza ila usifagie nyumba nzima. Ndoo, chaja, mifuko ya rambo, toa. Vile vitambaa vya kufuma vya kwenye makochi mi naviacha, hata kalenda ya msikitini au ya kanisani kama iko pembeni naiacha, baada ya miaka 20 hivyo ndo vitu watakavyoangalia. Kochi livute lisigusane na ukuta.

Kugawa mwanga, hapa kaa taratibu

Mwanga wa dirisha unapungua haraka kadri unavyoingia ndani. Kwa dirisha dogo hesabu ni hivi: umbali ukiwa mara mbili mwanga unashuka hadi karibu robo. Sasa fikiria mume yuko nusu mita kutoka dirishani na mke yuko pembeni yake, mita moja kutoka dirishani. Mke anapata kama robo ya mwanga wa mume. Kamera haiwezi kuwaridhisha wote wawili.

Wasogeze wote ndani. Mmoja mita 1.5, mwingine mita 2, sasa wa pili anapata zaidi ya nusu ya mwanga wa mwenzake, tofauti ambayo jicho linaikubali na picha inabaki na uhai. Ndiyo, mwanga wa jumla umepungua, lakini huo utaurudisha na ISO. Huu ndo msaada mkubwa kuliko wote ninaoweza kukupa kwenye kapo, watu wanawabandika wapenzi dirishani kabisa wakidhani karibu zaidi ni bora zaidi, kwa mtu mmoja sawa, kwa wawili hapana.

Baada ya umbali, nani akae upande wa dirisha. Kama ngozi zao zinatofautiana, mmoja mweusi tii na mwingine maji ya kunde, mweusi ndo akae upande wa dirisha. Mwanga anaopata zaidi unamtoa vizuri na mwenzake hapotei kwa sababu ngozi yake inarudisha mwanga zaidi. Ukigeuza kinyume, mmoja anang'aa kama taa na mwingine unaona meno tu, na huyo mtu ataiangalia picha hiyo maisha yake yote akijua alisahaulika. Mi hilo linaniuma sana. Kuna picha nyingi za harusi za familia zetu ambazo mjomba au bibi mweusi kabisa hana sura, na hakuna aliyejisumbua kumsogeza hatua moja.

Halafu kivuli cha mtu kwa mtu. Aliye upande wa dirisha anamzibia mwenzake, hasa akiwa mrefu. Mwambie arudi nyuma nusu hatua na mwenzake asogee mbele kidogo, halafu wote wageuze kifua kuelekea dirishani kidogo. Mwanga unapita mbele ya wa kwanza unamfikia wa pili. Ukiona pua ya mmoja inatupa kivuli kirefu hadi kwenye shavu, wageuze zaidi. Ukiona wamekuwa bapa hawana kivuli chochote, wageuze kidogo kurudi.

Upande wa giza weka shuka jeupe. Litundike kwenye kiti au mpe mdogo wa familia alishike, liwe karibu, kama sentimita 70 kutoka usoni kwa aliye mbali na dirisha, nje kidogo ya picha. Sogeza mbele nyuma uku ukiangalia macho yake, utaona tone dogo la mwanga linawaka ndani ya jicho, hapo simama. Kanga haifai kwa kazi hii, rangi zake zitaenda usoni. Karatasi ya manila nyeupe inafaa. Zile za kung'aa kama bati zinachoma, watu wanakunja uso.

Mlango ni dirisha kubwa kuliko yote

Nyumba nyingi za uswahilini madirisha ni madogo na yamebanwa, unaweza kukata tamaa. Fungua mlango mkubwa. Mlango hauna nondo, hauna neti, na unaanzia chini sakafuni. Wakalishe ndani, kama mita moja kutoka kizingitini, wanaangalia nje, wewe toka nje urudi mita mbili tatu, chuchumaa ili usizibe mwanga. Chumba nyuma yao kinazama kwenye weusi, wao wanatoka kama wamechongwa. Chagua saa ambayo kibaraza kina kivuli na jua halifiki kizingitini. Kama sakafu ya kibaraza ni ile nyekundu tandika shuka jeupe hapo chini mbele yao, bila hivyo videvu vinakuwa vyekundu. Kwenye saruji ya kawaida au mchanga mweupe acha, wenyewe unarudisha mwanga juu na kuondoa ule weusi chini ya macho.

Seydou Keïta, yule mpiga picha wa Bamako kule Mali, alifungua studio yake 1948 na picha nyingi alipigia uani kwa mwanga wa mchana, nyuma ya watu ametundika kitambaa chake cha kutandikia kitanda. Leo picha hizo ziko kwenye majumba ya makumbusho makubwa ya dunia. Ukiona uko uani kwa mtu na shuka mkononi, ujue hujapungukiwa.

Mlangoni ndo nilipiga picha ninayoipenda kuliko zote, Magomeni, mzee na mkewe. Mzee mweusi sana, kanzu nyeupe pee. Nikimsogeza dirishani uso unatoka, kanzu inaungua yote. Nikawahamishia mlangoni, mwanga ukawa mpana, kanzu ikatulia. Ila wamekaa kama wanasubiri daktari. Nikasema, "Mama, naomba msogelee mzee kidogo." Akacheka akaniambia, "Mwanangu, sisi mbele za watu hatukai hivyo." Sikulazimisha. Nikamwambia, "Basi mama, naona kofia ya mzee imekaa upande, hebu mtengenezee." Akanyoosha mkono, akaisukuma kofia na kidole gumba taratibu, akalainisha ukingo wake, na mzee akafumba macho kidogo kama mtoto anayenyolewa. Nikapiga tatu.

Setingi

Kwa kamera anza na f/2.8 au f/4 (upana wa tundu la lenzi, namba ndogo tundu kubwa), shata 1/160 (muda wa kunasa picha, sehemu ya sekunde), ISO 800, halafu rekebisha. Najua lenzi yako ya 50 inafungua hadi f/1.8 na inakuvutia, ila kwa watu wawili jicho la mmoja litakuwa kali na la mwingine limefifia. Hakikisha vichwa viko mstari mmoja kutoka kwako, yaani umbali sawa, fokasi iweke kwenye jicho la aliye karibu na kamera. Wakicheka au kucheza panda 1/250. Picha yenye chenga kidogo, vile vidoti vinavyoletwa na ISO kubwa, inasameheka, iliyotikisika haisameheki, kwa hiyo usiogope ISO 1600 hata 3200. Piga RAW kama unaweza, yaani faili ghafi ambalo kamera haijalibana. Rangi ya mwanga iweke kwenye alama ya jua au ya wingu na uiache hapo, ukiacha otomatiki kila picha itakuja na rangi yake.

Kamera inapopima mwanga inataka kila kitu kiwe kijivu cha wastani. Kanzu au shela nyeupe ikijaa kwenye picha kamera inadhani kuna mwanga mwingi inapunguza, na nyuso zinakuwa nyeusi. Kinyume chake, weusi ukijaa, kama pale mlangoni, inaongeza hadi nyuso zinapauka. Wewe angalia nyuso. Piga moja, kuza uone shavu la aliye mweupe zaidi, kama bado unaona ngozi na siyo doa jeupe uko sawa, ongeza kidogo kidogo hadi unakaribia hapo kisha simama.

Kwa simu: futa lenzi kwanza, mafuta ya vidole ndo yanaleta ule ukungu unaodhani ni ubovu wa simu. Zima ile biuti, simu nyingi zinaisafisha ngozi na kuipausha bila kukuuliza. Bonyeza uso wa aliye mweusi zaidi ushikilie hadi ijifunge, halafu shusha mwanga kidogo kwa kidole. Usitumie lenzi pana karibu, pua zinavimba na aliye pembeni kichwa kinavutika, rudi nyuma mita mbili utumie 2x kama simu yako ina lenzi hiyo, kama haina piga hivyo hivyo utakata baadaye. Ile modi ya kufifisha nyuma kwa watu wawili inakosea sana, inakata nywele, inakula sikio la mmoja, mi siipendekezi.

Nguo na ngozi

Wasivae kitenge kilekile wote kuanzia juu hadi chini, watageuka kitambaa kimoja chenye vichwa viwili. Mmoja avae maua, mwingine rangi moja iliyomo kwenye hayo maua. Jasho lifute kwa tishu kwa kubonyeza bila kusugua. Mafuta kidogo usoni acha, mwanga wa dirisha ukikutana na ngozi nyeusi iliyopakwa mafuta kidogo unapata ule mng'ao mzuri kwenye paji la uso na juu ya shavu. Poda nyeupe kuliko shingo ndo tatizo, mwambie dada kwa upole kabla hamjaanza, baadaye haina msaada. Na kama anavaa hijabu, muulize mapema picha zinaenda wapi na nani ataziona, na chumbani usiingie mpaka ukaribishwe.

Kuwaongoza

Usiseme "chekeni". Wape kazi. Wapeane chai, amfunge kishikizo, wasome meseji za zamani walizotumiana, mmoja aeleze walivyokutana na mwingine amsahihishe, hapo hapo wanasahau kamera. Dakika 10 za kwanza mi huwa sizitegemei kabisa, napiga ili wazoee mlio. Aliye mrefu akae kwenye mkono wa kochi au kwenye kigoda hadi macho yakaribiane, tofauti ya kichwa kimoja ikizidi mwanga unawakuta tofauti na shingo zinavunjika. Mikono iwe na sehemu ya kukaa: begani, kwenye goti, kwenye kikombe. Wachumba wapya watakumbatiana wenyewe, wazee usiwavunjie heshima yao. Kila pozi piga tatu mfululizo, watu wawili ni macho manne na mara zote kuna linalofumba.

Piga na mikono peke yake. Pete, hina, mishipa ya mkono wa mzee juu ya mkono wa mkewe, mwanga wa pembeni unaleta kila mstari wa ngozi.

Kuediti na kutuma

Kazi ya dakika 40 hunipa kama picha 100, natoa 15 au 20. Inua vivuli kidogo, rekebisha rangi kwa kuangalia kitu cheupe kilichomo kwenye picha kama kanzu, basi. Usiwapaushe ngozi, na usizilazimishe ngozi mbili tofauti zifanane, walioana hivyo walivyo. Kama rangi ya ukuta imekushinda, ibadilishe iwe nyeusi na nyeupe, mara nyingi inapona.

WhatsApp ukituma kama picha ya kawaida inabana ubora, tuma kama dokumenti au weka kwenye Drive uwape linki. Usiposti popote kabla hawajakubali wote wawili, siyo mmoja. Na moja ichapishe mwenyewe uwapelekee mkononi. Ile ya kofia niliipeleka Magomeni ikiwa kwenye fremu, mama akaifuta kioo na upande wa kanga yake, akaitundika mwenyewe pale pale pembeni ya mlango.